Gurudwara ya Makindu na Njia ya Reli

Mtu apitaye Mtaa wa Wahindi katika mji mkongwe wa Bagamoyo, akazitazama nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, hatakosa kuiona jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, wala hatakosa kuhadithiwa habari za Sewa Haji Paroo, tajiri wa misafara aliyefariki mwaka 1897, ambaye sehemu kubwa ya mali aliyoichuma katika tijara aliitoa kwa ajili ya shule na hospitali, watu wa kila rangi na kila dini wanufaike. Lakini atakaye kuifahamu ibada ya Masingasinga, ambao sisi watu wa pwani tumezoea kuwaita Makalasinga, hana budi kuiacha njia ya misafara na kuishika njia ya reli.

Wahindi wa Bagamoyo aghalabu walitoka Kutch na Gujarat, wakavuka bahari kwa majahazi yaliyosukumwa na pepo za kaskazi, wakakaa mahali pembe za ndovu zilipoteremka kutoka bara. Masingasinga walitoka Punjab, nchi ya Guru Nanak, mwasisi wa dini yao, na rasilimali yao ilikuwa mikono yao: walikuwa maseremala, wahunzi, waashi na askari. Kazi ya mikono hiyo ilikuwa kwenye reli, na reli haikuanzia Bagamoyo: Wadachi, waliotawala pwani hiyo, walikwisha kuhamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati nayo ikaanzia huko mwaka 1905, hivyo Bagamoyo ikabaki na bahari yake bila garimoshi.

Upande wa Waingereza, kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka 1896, na hata ilipofika Ziwa Viktoria mwaka 1901 Wahindi wapatao 32,000 walikuwa wameletwa kuitenda, na takriban 2,500 wakafia kazini. Makindu, yapata maili 200 kutoka Mombasa, katika nchi kavu ya Wakamba, palikuwa kituo kikubwa cha kazi hiyo. Yasimuliwa kwamba mafundi walikusanyika jioni chini ya mti kumtaja Mola wao, Masingasinga, Mabaniani na Waislamu wakiketi pamoja, hata ilipofika mwaka 1926 Masingasinga wakajenga gurudwara, yaani hekalu lao. Baadaye shughuli za reli zilihamishwa, waumini wakapungua, na pakawa kimya.

Lau mahali pale pangetegemea wenyeji wake peke yao, nadhani leo pangekuwa magofu kama ya Kaole karibu na Bagamoyo. Lililopanusuru ni jiko. Sheria ya langar, yaani jiko la wote, iliyoshikwa tangu zama za Guru Nanak, ni kwamba tajiri na maskini waketi safu moja sakafuni wale chakula kimoja. Na kwa kuwa barabara kuu ya Mombasa na Nairobi yapita karibu, dereva wa lori, abiria aliyechoka na familia iliyoharibikiwa na gari huingia wakapewa dengu, chapati na chai, na atakaye kulala hupewa kitanda, wala haulizwi dini yake wala hadaiwi malipo.

Basi msafiri wa kwetu apitaye njia ile asione haya kuingia. Avue viatu, afunike kichwa, anawe mikono, aketi pamoja na wenziwe ale. Na akijaaliwa kitu mfukoni, aache sadaka kwa ajili ya atakayemfuatia.