Upepo wa Injini: Ndege za Kwanza kati ya Mafia na Bara ya Kilwa

Injini ya petroli hugeuza sehemu ndogo tu ya moto wake kuwa nguvu ya kuzungusha propela. Moto mwingine hutoka na moshi, na unaobaki hukaa kwenye silinda, ambako lazima uondolewe na maji au na upepo. Kwenye pwani ya kusini ya Tanzania kazi hiyo ilionekana kuwa ngumu tangu ndege ya kwanza ya kivita ilipofika, Novemba 1914.

Sababu ya ndege hiyo kuja ilikuwa manowari ya Kijerumani Königsberg. Baada ya kuizamisha meli ya Waingereza Pegasus bandarini Unguja, tarehe 20 Septemba 1914, nahodha Max Looff aliirudisha kwenye delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko. Kutoka baharini haikuonekana. Waingereza wakamwajiri rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekuwa Durban na ndege-mashua aina ya Curtiss, wakampeleka kisiwa cha Nyororo, jirani ya Mafia.

Curtiss ilikuwa na injini ya nguvu za farasi 90, iliyopozwa kwa maji. Injini ilikaa nyuma ya rubani, katikati ya mabawa, propela ikisukuma kutoka nyuma, na rejeta ikiwa mbele ya injini. Rejeta ndiyo iliyoshindwa mapema, ikabidi meli itumwe Mombasa kutafuta nyingine. Iliyopatikana ilikuwa ya gari la Ford, nayo ikafungwa kwenye ndege. Fundi yeyote wa gereji ataona ujasiri wa jambo hilo: injini ya Ford ya siku zile ilikuwa na nguvu za farasi 20 hivi, na sasa rejeta yake ilitakiwa kuhudumia zaidi ya mara nne. Kilichoiokoa ni mwendo. Gari hupanda mlima polepole, na hapo ndipo linapochemsha, lakini ndege ikishika kasi hupitisha kwenye rejeta upepo mwingi kuliko feni ya gari. Tarehe 22 Novemba Cutler aliruka na kuiona Königsberg. Mwezi uliofuata ndege ilishuka mtoni naye akatekwa.

Ndege za Sopwith zilizofuata Februari 1915 hazikuwa na rejeta kabisa. Injini zake za Gnome za nguvu za farasi 100 zilizunguka zenyewe pamoja na propela, silinda zote tisa zikikata hewa kama miiko ndani ya chungu, na mafuta ya nyonyo yaliyozilainisha yakirushwa nje pamoja na moshi. Ni ufumbuzi mzuri sana: injini inajitengenezea upepo wake hata ndege ikiwa imesimama. Hata hivyo hazikuweza kupaa na mabomu pamoja na mtazamaji, na gundi ya mbao zake iliachia kwa joto na unyevu.

Sababu iko katika hewa yenyewe. Hewa ya nyuzi 35 ni nyepesi kwa karibu asilimia 6 kuliko ya nyuzi 15, na ya kaskazi hubeba mvuke unaoizidisha wepesi. Bawa hupata kitu kidogo cha kushikilia, silinda huvuta pumzi ndogo, na upepo unaopita juu ya chuma tayari una moto, kwa hiyo hauchukui joto jingi. Ndege ikichelewa kupanda, injini hukaa kwenye nguvu kamili kwa muda mrefu wakati kasi ni ndogo. Ndege za Short, zilizokuja na injini za farasi 160, nazo zilipanda kwa shida, ingawa Aprili 1915 rubani John Cull aliweza kuipiga picha Königsberg kutoka mojawapo.

Mwezi Juni zilifika Caudron na Henri Farman, ndege za magurudumu, zikatengenezewa uwanja Mafia. Hizo ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli za kivita za Waingereza, Severn na Mersey, mpaka Königsberg ikaangamia, tarehe 11 Julai 1915.

Vita kati ya Waingereza na Wajerumani vikahamia bara. Mwaka 1917 vilifika bara ya Kilwa, kwenye miombo inayoenea kutoka upande wa Kikole hadi Narungombe, ambako majeshi yalipigana tarehe 19 Julai. Katika kampeni hiyo skwadroni ya 26 ya Waingereza ilitumia ndege za BE2c. Injini yake ya silinda nane haikuzunguka wala haikuwa na maji. Juu yake palikuwa na kikombe cha bati kilichokinga upepo na kuushusha katikati ya safu mbili za silinda. Bati hilo dogo lilitangulia mambo ya leo: upepo haungojwi, unaelekezwa.

Mwaka 1928, maabara ya Langley, Marekani, ilionyesha kuwa injini yenye kifuniko sahihi hupoa vizuri na kuvutwa kidogo na hewa. Ndege ya Lockheed Air Express, ilipofungiwa kifuniko hicho, kasi yake ilipanda kutoka maili 157 hadi 177 kwa saa. Ndani ya kifuniko vibati huziba nafasi kati ya silinda ili hewa ipite kwenye mapezi ya chuma tu. Wanaojiundia ndege nyumbani hupata taabu hapohapo: ufa wa kidole kimoja kati ya kibati na kifuniko hupitisha upepo bure, na kupanua tundu la mbele hakusaidii ikiwa mlango wa chini, wa kutokea, ni mwembamba. Kwa sababu hiyo Cessna 206 ina vibamba chini ya injini. Rubani huvifungua wakati wa kupaa, upepo ukatoka kwa wingi, na huvifunga akishapata kimo, pale hewa ya nje inapokuwa imepoa.