Bustani Ndani ya Kambi: Historia Inayotuhusu



Katika toleo hili la kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, kamati yenu imeona vema kuandika juu ya jambo lililoleta ubishi katika vikao vyetu. Ni ule uwanja mtupu ulio kati ya dispensari na bomba la maji. Wanaoamka alfajiri wanaufahamu vizuri. Hapo ndipo akina mama wanapopanga foleni na watoto wagonjwa mgongoni. Kiangazi jua linawachoma na vumbi linawaingia machoni. Wakati wa mvua wanasimama katika matope.

Ilipendekezwa pawe na bustani: miti ya kivuli, mabenchi na matuta ya mboga. Ndipo mzee wetu mmoja aliposimama akasema: "Wanangu, anayepanda mti anangoja kivuli chake. Ninyi mnataka kungoja hapa miaka mingapi?" Kikao kizima kilinyamaza. Hakuna aliyetaka kumjibu, kwa sababu kila mmoja wetu hulala na swali hilo hilo.

Tangu siku ile tumeuliza na kusoma, ili tujue kama kuna watu waliowahi kuwekwa kambini bila hiari yao na bado wakapanda bustani. Wapo. Tunawaletea habari zao, kwa ajili ya wakaaji wa kambi na pia kwa ajili ya ndugu zetu wa mashirika wanaofanya kazi pamoja nasi.

MANZANAR, 1942 HADI 1945

Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilishambulia bandari ya Pearl Harbor, na Marekani ikaingia vitani. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Franklin D. Roosevelt alitia sahihi Amri namba 9066. Kwa amri hiyo watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliondolewa katika nyumba zao za pwani ya magharibi na kupelekwa kambini. Theluthi mbili kati yao walikuwa raia, wazaliwa wa nchi hiyo hiyo. Hawakushitakiwa kwa kosa lolote. Waliruhusiwa kuchukua kile walichoweza kubeba, jambo ambalo msomaji wa kambi hii hahitaji kuelezwa zaidi.

Kambi mojawapo kati ya 10 iliitwa Manzanar, katika bonde la Owens, jimbo la California. Jina hilo ni la Kispania, maana yake shamba la matufaha. Zamani palikuwa na mashamba ya matunda, lakini mji wa Los Angeles ulinunua ardhi pamoja na haki za maji, na bonde likakauka. Ndipo katika ukame huo walipoletwa watu zaidi ya 10,000. Waliishi katika mabanda ya mbao, bloku 36, ndani ya seng'enge na minara ya walinzi. Upepo ulipovuma, mchanga ulipenya kati ya mbao na kuingia katika vitanda na katika chakula.

Kila bloku ilikuwa na jumba moja la kulia, na watu walipanga foleni nje mara tatu kwa siku. Humo kambini walikuwamo wengi waliokuwa watunza bustani, wakulima na wauza miche kabla ya vita. Mwaka ule ule wa 1942, watu wa Bloku 22 walianza kujenga bustani mbele ya jumba lao la kulia, ili wanaongoja wapate kitu cha kutazama na mahali pa kupumzika. Waliokota mawe makubwa, wakachimba bwawa dogo, wakapanda miti. Bloku nyingine zikafuata. Bustani kubwa kuliko zote, yenye mawaridi, madaraja na mabwawa, iliongozwa na muuza miche aitwaye Kuichiro Nishi. Nayo hospitali ya kambi ikapata bustani yake, yenye kijito na njia ambayo wagonjwa waliweza kutembea. Hata ile miti ya matufaha na mipeasi iliyoachwa na wakulima wa zamani ilipogolewa na kunyweshwa, ikazaa tena.

BUSTANI SI KUSALIMU AMRI

Hapa tunarudi kwa swali la mzee wetu. Je, watu wale walipopanda miti walikuwa wamekubali kufungwa?

Tazameni mfano wa Harry Ueno. Alikuwa mpishi katika Bloku 22, na ni mmoja wa wale walioanzisha bustani ya mbele ya jumba la kulia. Mtu huyo huyo ndiye aliyepanga wafanyakazi wa majiko katika chama chao, akahesabu mgao wa sukari, akasema wazi kwamba sukari ya wakaaji ilikuwa ikipotea. Mwezi wa Desemba 1942 alikamatwa kwa kushukiwa kumpiga mtu. Umati ukakusanyika kudai aachiliwe. Tarehe 6 Desemba askari walifyatua risasi katika umati huo, na vijana wawili wakafa.

Kwa hiyo aliyejenga bustani ndiye aliyeuliza sukari imekwenda wapi. Mkono uliopanda haukuufunga mdomo. Wala bustani haikuzuia risasi, na sisi hatutamdanganya mtu kwamba maua yanaponya dhuluma. Haki ilikuja kwa njia nyingine, tena kwa kuchelewa sana. Ilikuwa mwaka 1988 ambapo serikali ya Marekani iliomba radhi kwa sheria, na kila aliyekuwa bado hai akapewa dola 20,000.

Kambi ilifungwa tarehe 21 Novemba 1945. Watu walitawanyika, na bustani zikafunikwa na mchanga. Mwaka 1992 mahali hapo palitangazwa kuwa pa kumbukumbu ya taifa. Tangu hapo wachimbuaji wa mambo ya kale, wakisaidiwa na watu wa kujitolea na baadhi ya familia za waliokaa humo, wamefukua mabwawa na mawe yale yale. Mabanda mengi yaliuzwa na kubomolewa zamani. Mawe ya bustani yalibaki ardhini yakishuhudia kwamba hapo waliishi watu.

MATABIBU WALISEMA NINI

Wengine watauliza: uzuri tumeusikia, lakini afya iko wapi? Jambo hili nalo lina historia yake. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza aliyehudumia majeruhi wa vita vya Crimea kuanzia mwaka 1854, alichapisha kitabu cha uuguzi mwaka 1859. Humo alisisitiza hewa safi na mwanga wa jua, na akaeleza kwamba mgonjwa asiyeweza kuona nje ya dirisha, akitazama kuta zile zile kutwa, anaumia kwa hilo pia.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, Mmarekani Roger Ulrich alipima jambo hilo. Alichukua kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania kati ya mwaka 1972 na 1981, za wagonjwa 46 waliopasuliwa kifuko cha nyongo. Nusu walilala vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti. Nusu nyingine dirisha lilitazama ukuta wa matofali. Matokeo yalitolewa mwaka 1984. Waliotazama miti walikaa hospitalini wastani wa siku 7.96, na wenzao siku 8.70. Pia walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Wagonjwa 46 ni wachache, na tofauti ya siku si kubwa. Lakini ni jambo la kufikiri kwamba mti, ambao haukuandikwa na daktari yeyote, ulionekana kufanya kazi fulani.

TUNACHOJIFUNZA

Kwanza, wale wa Manzanar waliweka bustani mahali watu wanapongoja. Kungoja ndiyo kazi kubwa ya kambini: kungoja mgao, kungoja kadi, kungoja jina kuitwa. Bustani iliyo mbali na foleni itapendeza wageni tu.

Pili, bustani zile zilijengwa na wakaaji wenyewe kwa ufundi walioujua. Miongoni mwetu wamo wakulima, waashi na maseremala. Tunachoomba ofisini ni ruhusa, miche na majembe. Ramani tutaichora sisi.

Tatu, tusiige kila kitu. Bwawa la maji yaliyotuama kwetu ni nyumba ya mbu. Afadhali mfereji unaotoa maji yanayomwagika bombani hadi kwenye matuta ya lengalenga, ili na lile tope liishe.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, tunakumbusha kwamba jambo hili si anasa. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika ya misaada yalianza kuuandaa mwaka 1997, unataja mita za mraba 45 kwa kila mtu katika makazi ya kambi, na ndani ya hesabu hiyo zimo bustani za kaya. Anayepima viwanja na ahesabu pia mahali pa kivuli tangu mwanzo, kabla nafasi haijakwisha.

Na kwako mzee wetu, tunakujibu kwa heshima. Hatujui tutangoja miaka mingapi. Kama njia ya nyumbani ikifunguka kesho, tutaondoka kesho, na miti tutawaachia wenyeji waliotupokea. Lakini mtoto mwenye homa anayengoja daktari saa sita mchana hawezi kungoja amani ndipo apate kivuli. Yeye anakihitaji leo.

Kazi ya kuchimba mashimo itaanza mvua za kwanza zikinyesha. Kila bloku ilete watu na majembe.

Kamati ya Wakaaji wa Kambi