Herufi za Wayunani na za Wakorea

Kiyunani na Kikorea si lugha ndugu. Mkorea huweka kitendo mwisho wa sentensi. Myunani aweza kukiweka mwanzo, kati, au mwisho. Walakini leo kila lugha yaandikwa kwa herufi 24, na tukitazama asili yake twaona njia mbili mbalimbali.

Wayunani waliazima. Yapata karne ya 8 kabla ya Kristo walipokea herufi za Wafoinike, nazo zilikuwa za konsonanti tu. Zile wasizozihitaji wakazigeuza kuwa irabu.

Wakorea walitunga. Zamani wasomi wao waliandika kwa alama za Kichina, nazo ni maelfu. Mkulima angepata wapi nafasi ya kujifunza? Basi mwaka 1443 Mfalme Sejong alitunga herufi 28, baadhi yake kwa mfano wa ulimi na midomo isemapo. Mwaka 1444 mwanachuoni Choe Manri alimpinga, akidai kwamba kuacha desturi ya Kichina ni kujifanya washenzi. Mfalme hakukubali, mwaka 1446 akazitangaza.

Mwaka 1942 watawala wa Kijapani waliwakamata wataalamu waliokuwa wakitunga kamusi ya Kikorea. Maandiko yao yalionekana mwaka 1945 katika ghala la stesheni ya Seoul, na juzuu ya kwanza ikachapwa mwaka 1947.

Basi herufi, ziwe za kuazima au za kutunga, hudumu kwa watu wanaozitunza.