Historia ya Kisu cha Kukunja, na Namna ya Kuchagua cha Bei Nafuu

Leo tuziache tarakilishi kando kidogo, tuzungumzie kisu. Usishangae. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nilisomea sayansi ya kompyuta, kwa hiyo kila kifaa ninachokishika najikuta nakiuliza maswali yale yale: kina sehemu ngapi, na ni ipi itakayoharibika kwanza?

Kwa muda sasa nimekuwa nikitafuta kisu cha kukunja cha bei nafuu. Siku za kazi nakihitaji kwa kukata vibanio vya plastiki vya kebo na kufungua maboksi. Jumamosi nikiwa Dunga, kilomita chache kusini mwa mji wa Kisumu, nakihitaji kwa kamba na kwa gugumaji linalojisokota kwenye nyavu na kwenye injini za boti. Ukienda kutafuta, madukani au mtandaoni, utaonyeshwa visu vyeusi vya kila aina vinavyouzwa kama "visu vya komando". Vyote vinatisha kwa kiasi kile kile, lakini bei zake zinapishana kama mbingu na ardhi. Sasa tofauti iko wapi? Jibu zuri nililipata kwenye historia, na ndilo ninalowaletea leo.

CHUMA SI KIGENI KWETU

Tuanzie nyumbani. Pande zote za ziwa hili watu wamekuwa wakiyeyusha chuma kwa zaidi ya miaka 2000. Wanaakiolojia wanawatambua wafua chuma wale wa kale kwa vyungu vyao, na aina hiyo ya vyungu imepewa jina la Urewe, mahali palipo Siaya, si mbali na hapa. Baadaye vilima vya Samia, kule Busia, vilijulikana kwa chuma na majembe yake. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba makali yaliletwa na meli au na reli. Mjaluo alikuwa na pala yake, yaani kisu, kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901.

Kilichokuja kutoka viwanda vya mbali ni kitu kidogo zaidi: bawaba na komeo. Historia ya kisu cha kukunja, ukiichunguza vizuri, ni historia ya komeo.

MASHINE YENYE HALI MBILI

Wenzangu wa programu watanielewa haraka. Kisu cha kukunja ni mashine yenye hali mbili tu: WAZI na IMEFUNGWA. Kisu cha mpini imara kina hali moja, kwa hiyo hakiwezi kukosea. Lakini ukishaweka hali ya pili, lazima kitu fulani kilinde mpito kati ya hizo mbili. Kikishindwa kulinda, bapa linarudi mpinini wakati vidole vyako viko njiani. Kwa mvuvi, kwa mama anayepaa samaki, na kwa mimi ninayechapa kutwa, vidole ndivyo ugali wetu. Huu si mchezo.

Visu vya kukunja vya zamani havikuwa na ulinzi wowote. Kimoja cha kale sana kilichopatikana kinatoka Hallstatt, Austria, na kina umri wa takriban miaka 2500. Bapa na mpini vimeungwa kwa pini, basi. Warumi nao walikuwa navyo. Katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam, mjini Cambridge, kuna kifaa chao cha karne ya 3 chenye kisu, kijiko na uma, vyote vinakunjwa. Ni kizuri kukitazama, lakini kilichozuia bapa lisijifunge ni msuguano na mkono wa mtumiaji.

Hatua kubwa ilikuja katikati ya karne ya 17 kule Sheffield, Uingereza, mafundi walipoweka springi mgongoni mwa mpini. Springi ile hulikandamiza bapa, likikaa wazi au likifungwa. Haikazi kabisa; ukilisukuma kwa nguvu bapa linajifunga. Lakini ilitosha kwa mfuko wa suruali, na mpaka leo visu vingi vidogo vimejengwa hivyo.

FEKI WA JANA NDIYE BORA WA LEO?

Hapa pana kisa ninachokipenda. Karne ya 19, mji wa Solingen, Ujerumani, ulikuwa ukitengeneza visu vya bei ya chini, na baadhi ya bidhaa za Kijerumani ziliuzwa zikiwa na jina la Sheffield. Ndiyo, feki! Waingereza walikasirika, wakatunga sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887: bidhaa ya kigeni ioneshe ilikotoka. Nia ilikuwa kumwonya mnunuzi. Matokeo yakawa kinyume. Baada ya miaka si mingi, maneno yanayosema kitu kimetengenezwa Ujerumani yakawa sifa.

Kumbuka kisa hicho unapomsikia mtu akisema visu vyote vya Kichina ni takataka. Mji wa Yangjiang, mkoani Guangdong, ndio Solingen ya zama zetu. Kutoka huko vinatoka vibovu na vizuri. Jina la nchi halikwambii chochote. Itabidi ukague komeo mwenyewe.

OKAPI: KISU KILICHOTENGENEZWA KWA AJILI YETU

Mwaka 1901 wanasayansi wa Ulaya walimwandika rasmi mnyama wa misitu ya Kongo aitwaye okapi. Ngozi na mafuvu ya kichwa yaliyowafikia yalitumwa na Harry Johnston, aliyekuwa kamishna wa Waingereza nchini Uganda. Na wakati huo Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda! Tulihamishiwa upande wa Kenya ya leo mwaka 1902.

Mwaka huo huo wa 1902 kiwanda cha Ujerumani kilianza kutoa kisu cha kukunja kwa ajili ya soko la makoloni ya Wajerumani barani Afrika, kikapewa jina la mnyama yule: Okapi. Moja ya makoloni hayo lilianza papa hapa ziwani. Ukitoka Dunga kwa chombo ukaelekea kusini, unaingia katika maji yaliyokuwa ya Wajerumani, ya Mwanza na Bukoba.

Ninachokipenda kwenye Okapi ni komeo lake. Mpini ni wa mbao wenye urembo wa nyota na mwezi. Mgongoni kuna springi yenye tundu, na kitako cha bapa kimechongwa meno. Ukifungua unasikia: kra, kra, kra. Likishafika mwisho, linakazwa. Kulifunga, unavuta pete ndogo iliyoko mgongoni. Sehemu chache, hakuna skrubu, na fundi yeyote akikitazama anaelewa kinavyofanya kazi. Kimekuwa kisu cha wakulima na vibarua kwa zaidi ya miaka 100. Tangu mwaka 1988 jina na mitambo yake ni mali ya kampuni ya Afrika Kusini.

Lakini tusifiche upande wa pili. Afrika Kusini, Okapi ana sifa mbaya ya magenge. Jamaika nako kisu hiki kimeingia katika hadithi za vijana wa mitaani wa Kingston. Kifaa kile kile, watu tofauti. Nitalirudia jambo hili hapo chini.

KOMEO LAPATA WEPESI

Karne ya 20 ilikuwa ya kupunguza sehemu. Nawatajia hatua nne tu:

1. Opinel. Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vyake vya mpini wa mbao huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Kwa miaka 65 havikuwa na komeo. Mwaka 1955 ikaongezwa pete ya chuma shingoni: izungushe, kisu kimekazwa. Ni nafuu na akili yake inashangaza.

2. Buck 110. Mwaka 1964 kampuni hii ya Marekani ilileta kisu chenye wenzo mgongoni unaoingia katika pengo la bapa. Kiliwashawishi wawindaji kwamba kisu cha kukunja kinaweza kuaminika karibu kama cha ala. Ni kizito, lakini imara.

3. Ulimi wa pembeni. Badala ya kuongeza springi, unaukata ubavu wa chuma ulio ndani ya mpini ili ujipinde na kukaa nyuma ya bapa. Wazo lilikuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye visu vya mafundi umeme. Mmarekani Michael Walker aliliboresha miaka ya 1980, na leo ndilo komeo utakalolikuta kwenye visu vingi vya bei nafuu.

4. Mpini wenyewe kuwa komeo. Chris Reeve, fundi wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, aliukata mpini wa chuma wenyewe uwe ulimi. Kisu chake mashuhuri alikiita Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Kinauzwa kwa mamia ya dola, lakini wazo lake limeigwa kote duniani, hata kwenye visu vya bei ya chini kabisa.

Pia mwaka 1981 kampuni ya Spyderco ilitoa kisu chenye tundu la duara kwenye bapa, la kufungulia kwa kidole gumba cha mkono mmoja, pamoja na klipu ya kukining'iniza mfukoni. Mtu aliye kwenye boti, mkono mmoja umeshika kamba, anaelewa mara moja faida yake.

KOMANDO AINGIA SOKONI

Ukihesabu vizuri utaona kwamba mambo karibu yote ya maana yalikuwa yamekamilika kabla ya miaka ya 1990. Hapo ndipo ulipozuka mtindo wa visu vya "komando", hasa Marekani, ukisukumwa na visu vya watu kama Ernest Emerson. Baadhi vilitengenezwa kweli kwa ajili ya askari. Vingine vilipakwa rangi nyeusi tu, vikapewa majina ya kutisha. Rangi nyeusi haikazi komeo. Ni kama tovuti iliyobadilishwa sura huku msimbo wa ndani ukiwa ule ule mbovu.

Na rangi hiyo ina gharama nyingine. Hapa Kenya, kifungu cha 88 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu mtu anayekwenda hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kisu kinachonuka samaki, mfukoni mwa mtu anayetoka ufukweni, kina maelezo. Kisu cheusi chenye meno, saa nne usiku mjini, utakieleza vipi kwa askari? Kwa ndugu zetu walioko Uingereza mambo ni magumu zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1988, kisu cha kukunja unachoweza kutembea nacho bila sababu maalumu ni kile chenye makali yasiyozidi inchi 3 NA kisicho na komeo. Komeo linalokuokoa kidole ndilo linaloweza kukufikisha mahakamani.

Kuna vijana wanaonunua visu hivi wakisema ni vya kujilinda. Mimi siamini hesabu hiyo. Kisu mfukoni hugeuza ugomvi wa ngumi kuwa msiba wa familia mbili. Nunua kisu kwa ajili ya kazi. Kama huna kazi ya kukipa, hela yako itunze.

UCHAGUE VIPI?

Basi, historia ikishatufundisha kwamba thamani iko kwenye komeo, ukaguzi unakuwa rahisi:

- Kifungue, weka vidole mbali na njia ya bapa, kisha gonga mgongo wa bapa polepole juu ya mbao mara kadhaa. Likijifunga hata mara moja, mrudishie mwenyewe.

- Lishike bapa ulitikise kushoto na kulia. Likicheza kikiwa kipya, baada ya mwaka litacheza dansi.

- Kama komeo ni la ulimi, angalia linapogusana na bapa. Ulimi uwe umeingia vya kutosha nyuma ya bapa, usishikilie ukingoni tu.

- Uliza aina ya chuma. Muuzaji makini atakutajia jina, mathalani 8Cr13MoV ya Kichina au 12C27 iliyo kwenye Opinel isiyoshika kutu. Akijibu "ni chuma kizuri sana", hajui.

- Fikiria maji. Ziwa letu halina chumvi, kwa hiyo kutu si kali kama Mombasa, lakini chuma cha kawaida cha Okapi kitataka kukaushwa na mafuta kidogo. Mpini wa mbao wa Opinel ukilowa huvimba, bapa likagoma kufunguka.

- Angalia kama kinafunguka kwa skrubu ili ukisafishe. Mchanga na magamba ndio adui wa bawaba.

Kuhusu magamba, nilimwuliza mama mmoja anayepaa samaki pale Dunga, "Mama, mbona hutumii cha kukunja?" Alikuwa na kisu cha mpini wa mbao, bapa limekonda kwa miaka ya kunolewa. Akanijibu bila kuinua macho: "Kijana, magamba yakiingia humo ndani nitayatoa saa ngapi, na wateja wanangoja?"

Hapo ndipo historia yote inapokaa sawa. Visu vya kukunja vimetumia miaka 2500 kujaribu kuwa imara kama kile alichokishika yeye. Bado havijamfikia. Faida yao ni moja, kwamba vinaingia mfukoni, na kwa faida hiyo unalipa kwa bawaba na komeo. Kwa hiyo kama kazi yako iko mezani au kwenye gogo la samaki, nunua kisu cha kawaida, tena kwa bei ndogo zaidi. Kama kazi inakufuata huku na huko kama mimi, chukua cha kukunja chenye komeo rahisi uliloligonga mwenyewe ukaliona limekaza.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mimi naongeza tu: ale akiwa na vidole vyote kumi.

Haya, tukutane tena wakati mwingine. Wiki ijayo tunarudi kwenye tarakilishi.