Mkate wa jibini: Samli ya ng'ombe yaishinda siagi

Kipungani, kijiji kilichoko kusini-magharibi mwa kisiwa cha Lamu, chafahamika zaidi kwa mikeka inayosukwa na wanawake wake. Jibini si chakula cha asili huko. Sharti iletwe kwa chombo. Kilicho cha asili katika majiko ya pwani hiyo ni samli, mafuta ya maziwa ambayo wafugaji wa Kiorma na Kisomali wa bara huyatengeneza tangu jadi, na ambayo hulainisha halua na kunukisha biriani. Mafuta hayo ndiyo yafaayo zaidi kuchomea mkate wa boflo uliojazwa jibini.

Sababu yake yaeleweka. Siagi ina takriban asilimia 80 ya mafuta. Kiasi kikubwa cha kilichobaki ni maji, pamoja na chembechembe za protini na sukari ya maziwa. Chembechembe hizo huungua upesi, na mkate ukawa mweusi nje ilhali jibini ya ndani haijayeyuka. Siagi huanza kufuka moshi kwenye nyuzi 150 hadi 175 za Selsiasi. Samli iliyochujwa vyema hustahimili hata nyuzi 230. Tena, kwa kuwa haina maji, hukaa miezi bila jokofu, mradi chombo kiwe kikavu na kifunikwe. Visiwani, hiyo si sifa ndogo.

Nusu kilo ya siagi isiyo na chumvi hutoa gramu 400 hivi za samli. Huyeyushwa katika sufuria nzito juu ya moto mdogo, ikatoa povu na kutatarika. Mtatariko ukinyamaza na mashapo yakigeuka rangi ya kahawia, iepuliwe papo hapo na kuchujwa kwa kitambaa safi. Kuchelewa kidogo tu huipa uchungu.

Vipande viwili vya boflo hupakwa samli upande wa nje. Ndani huwekwa jibini aina ya cheda iliyokwaruzwa, na kijiko kimoja cha achari ya embe, maana ukali wake hukata mafuta. Mkate huchomwa juu ya tawa, kwa makaa machache, dakika tatu au nne kila upande. Ukifunikwa, jibini huyeyuka mapema zaidi. (Mafuta ya mkia wa kondoo nayo yawezekana, ila harufu yake huimeza jibini.)

Hata hivyo, mnunuzi asome kibandiko. Baadhi ya mafuta yaitwayo samli madukani ni ya mimea, yaliyogandishwa kwa haidrojeni, na ugandishaji usiokamilika huzalisha mafuta yanayodhuru moyo. Mnamo Mei 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa kuyaondoa katika vyakula vya viwandani kufikia mwisho wa 2023. Samli halisi nayo si ya kumiminwa ovyo, hasa kwa mwenye maradhi ya moyo: kijiko kimoja chatosha mkate mmoja.