Mkeka ni kuzidisha, wasee

Mwaka 2017, Samuel Abisai alipatia mechi 17 zote za jackpot ya SportPesa akabeba shilingi 221,301,602. Hapa Gataka bado naisikia hiyo stori kama ni ya jana. Mimi naona tunaisoma vibaya. Kila mechi ina majibu matatu. Ukibahatisha tu zote 17, nafasi yako ni moja kati ya 129,140,163. (Abisai hakubahatisha tu, najua, tulieni.)

Hii hesabu ina historia. Wanahesabu walizoea vitu vinavyojumlishwa: ukivichora unapata umbo la kengele, wengi katikati, wachache pembeni. Mwaka 1879, Francis Galton na Donald McAlister wakaleta swali London: na vikizidishana je? McAlister akatumia logi, zile Napier alichapisha 1614, maana logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Kengele ikarudi. Lakini ukitoka kwenye logi, inalala upande: wengi wamebanana chini, wachache wako mbali sana juu.

Mkeka ni mbaya zaidi, sababu sifuri haina hata logi. Mechi moja ikichana, unazidisha kwa sifuri, na zile tisa ulizopatia zinaenda nayo. Tuseme kampuni inakula asilimia 5 kwa kila mechi. Ukibet mechi moja, mia yako inarudisha wastani wa bob 95. Ukiunganisha kumi, ni bob 60 hivi. Na hiyo 60 imebebwa na washindi wachache. Msee wa katikati ana sifuri.