Fimbo Saba za Chick Evans

Mjomba wangu alikuwa kedi kwa miaka 19. Kazi yake ilikuwa kubeba fimbo za gofu za watu wengine, na alipoiacha, bega la kulia likiwa limeshuka kuliko la kushoto, hakuwa na hata fimbo moja yake. Kwa hivyo nilipompigia kumwambia nataka kujifunza gofu, na kwamba nimeona seti kamili ya mtumba, fimbo 14 na mkoba wake, kwa shilingi 35,000, alinyamaza kwanza. Kisha akauliza, "Hizo zote 14 ni za nini?"

Kusema ukweli, nilidhani 14 ndiyo idadi inayotakiwa, kama vile timu ya kandanda ni watu 11. Kumbe ni kikomo. Sheria haikulazimishi kubeba 14, inakukataza kuzidisha. Na sheria yenyewe ni ya juzi tu ukilinganisha na umri wa mchezo. Mwaka 1502 mfalme James IV wa Scotland alinunua fimbo kwa fundi wa pinde wa mji wa Perth, akalipa shilingi 14 (za kwao, na hiyo ni sadfa tu, msikimbilie kubeti). Marekani iliweka kikomo mwaka 1938, na R&A ya St Andrews ikafuata mwaka 1939. Kabla ya hapo, zaidi ya miaka 400, kila mtu alibeba alizotaka, au alizoweza kununua.

Hata neno "seti" halikuwa na uzito zamani. Mipini ilikuwa ya mbao, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 mti uliopendwa ulikuwa hickory wa Amerika Kaskazini. Mbao ni mbao: huu unapinda, ule ni mkavu. Mchezaji alizichagua moja moja kwa kuzishika, jinsi mama anavyochagua maembe sokoni, na aliyoipenda alikaa nayo miaka. Hazikuwa na namba bali majina, mashie, niblick, brassie, utadhani ni watoto wa nyumba moja.

Katika dunia hiyo ndipo alipokulia Chick Evans. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1890, akalelewa Chicago, na akiwa mtoto alikuwa kedi. Mwaka 1916, katika uwanja wa Minikahda kule Minneapolis, alishinda U.S. Open kwa mikwaju 286, rekodi iliyodumu miaka 20. Mkobani alikuwa na fimbo saba. Mwaka huohuo akashinda pia ubingwa wa wachezaji wa ridhaa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kulifanya.

Baadaye chuma kikaja. Katika miaka ya 1920 mipini ya chuma iliruhusiwa Marekani, na mwaka 1929 R&A nayo ikakubali. Sasa kiwanda kingeweza kutoa mipini inayofanana, kupiga namba kwenye vichwa vya fimbo na kuziuza zote pamoja. Hapo ndipo seti ilipozaliwa, na mikoba ikaanza kunenepa. Lawson Little, aliyeshinda mataji ya ridhaa ya Marekani na Uingereza mwaka 1934 na tena 1935, alijulikana kwa kubeba zaidi ya 20. Nasema "kubeba," lakini tuseme kweli: aliyebeba ni kedi. Basi kikomo kikaja. Na jinsi ninavyoona mimi, madukani kikomo kikageuka kuwa kipimo, mpaka anayeanza leo anaamini kwamba chini ya 14 amepungukiwa.

Nikaendelea kusoma habari za Evans, nikafika mahali nikaweka simu chini. Alijiunga na chuo kikuu cha Northwestern, akaacha bila kumaliza. Alipopata umaarufu alitolewa pesa ambazo, kama angezipokea, zingemwondoa kwenye ridhaa. Mama yake akamshauri zitumike kusomesha makedi. Wawili wa kwanza waliingia Northwestern mwaka 1930, na ufadhili huo upo hadi leo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda. Ile ya muhula wa kwanza ilitoka begani mwa mjomba. Hatujawahi kuizungumzia. Sasa unaelewa kwa nini aliposikia 35,000 alinyamaza.

Jumamosi tulienda pamoja kwa jamaa anayetengeneza na kuuza fimbo kuukuu. Mkono wangu ulienda moja kwa moja kwa dreva, ile ndefu yenye kichwa kikubwa. "Wacha hiyo," mjomba akasema. "Itakupeleka msituni." Uso wake umesimama karibu wima na mpini ni mrefu, kwa hivyo kosa dogo la kiganja linakuwa kosa kubwa huko mbele. Uso uliolala zaidi huinua mpira na kukusamehe kidogo. Akachagua chuma namba 7, namba 9, weji ya mchangani, haibridi moja ya mbali, na fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Tano. Vile vyuma alivigeuza akaangalia mgongo: vilikuwa na shimo nyuma, uzito umesambazwa pembeni, hivyo ukikosa katikati mpira bado unaenda. Akasoma herufi kwenye mipini, akarudisha iliyoandikwa S, maana ni migumu na inafaa wenye kasi, akabaki na R. Akabonyeza mipira ya kushikia kama imekauka, akachungulia kila mpini kutoka upande mmoja kama bunduki, kuona kama umepinda.

Nilimuuliza alijifunzia wapi haya yote. "Ukibeba kitu miaka 19, utakijua."

Muuzaji alitaka 14,000 pamoja na mkoba mwepesi wa turubai. Mjomba akamshusha hadi 9,500, tena bila kelele. Nililipa kwa simu. Nilipoinua macho, mkoba ulikuwa tayari umeningʼinia kwenye bega lake la kulia.

"Mjomba, nipe nibebe."

"Ni tano tu," akasema, akaanza kutembea.